KABLA YA KUONGEZA CHUMBA

Nyumba ya familia huanza ikiwa ndogo. Kijana anaoa. Anajenga vyumba viwili. Watoto wanazaliwa. Mama mzazi anazeeka na kuhamia kwa mwanawe. Binti anarudi nyumbani na watoto wake. Vyumba viwili havitoshi tena. Familia inaanza kuweka akiba ili iongeze chumba.

Kuongeza chumba ni maendeleo. Lakini chumba kikijengwa mahali pasipofaa, kinaweza kuvunjwa. Matofali, mabati na saruji vinapotea. Akiba ya miaka mingi inapotea kwa siku moja. Hasara hii inaweza kuzuiwa. Katika somo hili tutaona mambo manne ya kufanya. Mambo hayo ni haya: pima, uliza, andika, kisha jenga.

1. MZEE SAIDI ANATAKA KUJENGA

Tuchukue mfano. Tuseme yupo mkulima mmoja katika kijiji kilicho kando ya barabara kuu. Tumwite Mzee Saidi. Mke wake tumwite Mama Rehema. Mwaka huu wameuza ufuta wao kwa bei nzuri. Wamechoma matofali na kununua mabati 20. Wanataka kuongeza chumba cha mita 6 mbele ya nyumba. Nusu kitakuwa duka na nusu atalala Rehema na watoto wake wawili.

Fundi amekuja kuangalia. Anasema, "Mzee, kesho nachimba msingi. Mbele pana nafasi. Wenzako wote wamejenga mpaka karibu na lami."

Mama Rehema anasoma darasa la watu wazima. Amesikia mambo haya darasani. Anamwambia mumewe, "Baba Rehema, tusichimbe kwanza. Tupime."

Mzee Saidi anajibu, "Mama Rehema, kiwanja ni chetu. Tumekaa hapa tangu tulipohamishwa na wazazi wetu. Tupime nini tena?"

Mama Rehema anasema, "Kiwanja ni chetu, lakini barabara ni ya wote. Tupime tujue mwisho wetu uko wapi."

Neno la Mama Rehema ni la busara. Nyumba ina pande nne. Kila upande una jambo lake la kuangalia. Tuanze na upande wa mbele.

2. UPANDE WA MBELE: BARABARA

Vijiji vingi vya Tanzania vimepangwa kando ya barabara. Katika miaka ya 1973 hadi 1976, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi walihamishiwa vijijini. Nyumba nyingi zilijengwa kwa mistari kufuata barabara. Kwa hiyo hata leo nyumba nyingi ziko karibu na barabara.

Barabara ina hifadhi yake. Hifadhi ya barabara ni ardhi iliyotengwa pande zote mbili za barabara. Ardhi hiyo imetengwa ili barabara iweze kupanuliwa na mitaro ichimbwe. Pia dereva apate kuona mbali, na gari likiacha njia lisiingie ndani ya nyumba za watu.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inahusu jambo hili. Kwa barabara kuu na barabara za mkoa, hifadhi ni mita 30 kila upande. Jumla ni mita 60. Kabla ya sheria hiyo, kipimo kilikuwa mita 22 na nusu kila upande.

Sasa tazama vizuri. Mita 30 hazihesabiwi kuanzia ukingo wa lami. Zinahesabiwa kuanzia KATIKATI ya barabara. Watu wengi hukosea hapa.

Namna ya kupima ni hii. Chukua kamba ndefu isiyovutika. Ipime kwa tepu ya fundi. Funga fundo kila baada ya mita 1 mpaka zifike mita 10. Mtu mmoja asimame kando ya barabara kuangalia magari. Ninyi wawili pimeni kutoka katikati ya barabara kwenda kwenye nyumba. Kamba ikilala mara 3, hizo ni mita 30. Pigeni kigingi mahali hapo. Kuhesabu hatua kwa miguu kunasaidia kukisia tu, kwa sababu hatua za watu hazilingani.

Mzee Saidi na Mama Rehema walipima hivyo. Walikuta nyumba yao iko mita 34 kutoka katikati ya barabara. Wakafanya hesabu:

34 toa 6 ni 28.

Chumba cha mita 6 kingefika mita 28. Kingeingia mita 2 ndani ya hifadhi ya barabara. Mzee Saidi alinyamaza. Kisha akasema, "Kumbe kesho tungechimba msingi wa hasara."

Je, wale waliojenga mpaka karibu na lami? Huenda hawajui. Huenda wanajua na wanabahatisha. Nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara huwekwa alama ya X. Alama nyekundu huwekwa kwa aliyeingia ndani ya hifadhi. Huyo hutakiwa kuondoka bila kulipwa fidia. Alama ya kijani huwekwa kwa yule aliyefikiwa na hifadhi ilipoongezwa kutoka mita 22 na nusu kuwa mita 30. Huyo hustahili fidia wakati eneo lake linapochukuliwa. Lakini asiongeze chumba kipya mle ndani akitumaini kulipwa. Fidia ni kwa kilichokuwapo kihalali.

Barabara ndogo za wilaya zina vipimo vyake, navyo si mita 30. Barabara hizo zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA. Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS. Kama hujui barabara yako ni ya aina gani, muulize Afisa Mtendaji wa Kijiji. Yeye akiwa hajui, ataandika kuuliza wilayani.

3. UPANDE WA KULIA: JIRANI

Kulia kwa Mzee Saidi anakaa jirani yake. Tumwite Bibi Mwajuma. Mpaka wao ni mstari wa minyaa. Mzee Saidi alifikiri kuongeza chumba upande huu, karibu kabisa na minyaa.

Ukuta ungesimama ndani ya kiwanja chake. Lakini paa hutokeza nje ya ukuta. Je, maji ya mvua yangeanguka wapi? Tufanye hesabu. Chumba cha mita 3 kwa mita 4 kina paa la mita za mraba 12. Mvua ya milimita 20 ikinyesha, paa hilo hupokea lita 240 za maji. Hizo ni ndoo 12 za lita 20. Bibi Mwajuma ana jiko la udongo upande ule. Fikiri ndoo 12 zikimwagwa kwenye jiko lake kila mvua inaponyesha!

Kwa hiyo, unapopima kutoka mpakani, usipime mwisho wa ukuta. Pima mwisho wa paa. Acha nafasi ya maji kuanguka ndani ya kiwanja chako. Acha pia nafasi ya mtu kupita na ngazi ili kukarabati ukuta. Tena moto ukizuka nyumba moja, nafasi hiyo husaidia usirukie nyumba ya pili.

Usiondoe alama za mpaka. Alama inaweza kuwa minyaa, mikonge, jiwe au bikoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtaka mwenye hakimiliki ya kimila atunze alama za mpaka wake. Anayeng'oa minyaa usiku anatafuta ugomvi utakaorithiwa na watoto wake.

4. UPANDE WA KUSHOTO: NJIA YA WATU

Kushoto kwa nyumba kuna njia ya miguu. Wanawake na watoto hupita hapo kwenda kisimani. Njia hii haina jina, wala haina lami. Lakini ni ya wote. Mtu asijenge juu yake.

Kama njia inapita katikati ya kiwanja chako na inakusumbua, usiizibe mwenyewe. Peleka jambo hilo kwa Serikali ya Kijiji. Wanakijiji wanaweza kukubaliana ihamishwe. Kumbuka kwamba mgonjwa hubebwa kwa njia hiyo hiyo, na jeneza pia.

5. UPANDE WA NYUMA: CHOO NA SHIMO LA ZAMANI

Nyuma ya nyumba pana nafasi kubwa. Mzee Saidi akasema, "Basi tujenge huku." Lakini nyuma nako kuna mambo ya kuangalia.

Kwanza, shimo la choo cha zamani. Choo kikijaa, watu hukifukia na kuchimba kingine. Baada ya miaka, nyasi huota na watu husahau. Lakini udongo uliojazwa shimoni huendelea kushuka. Ukijenga juu yake, ukuta hupasuka na unaweza kuanguka. Waulize wazee wa nyumba shimo lilikuwa wapi. Chomeka nondo ardhini. Ikizama kwa urahisi mahali pamoja kuliko pengine, hapo hapafai.

Pili, choo kinachotumika. Chumba kipya kisisukume choo kuelekea kisimani. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Kikiwa karibu zaidi, uchafu hupenya ardhini na kuingia katika maji ya kunywa. Hapo ndipo kuhara na kipindupindu hupata njia. Bwana Afya atakusaidia kuchagua mahali pa choo.

Tatu, madirisha. Chumba kipya kikiziba dirisha la chumba cha zamani, hewa na mwanga haviingii. Chumba kisicho na hewa husaidia kifua kikuu kuenea. Chumba cha zamani kibakiwe na dirisha lake, au kifunguliwe jingine.

Jambo la mwisho linawahusu wanaokaa karibu na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Ndani ya mita hizo shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira hazitakiwi. Usisogeze nyumba yako kuelekea mtoni. Kwanza mto wenyewe hautakuacha. Mafuriko hayasomi hati ya mtu.

6. ULIZA

Baada ya kupima, Mzee Saidi na Mama Rehema walikwenda ofisi ya kijiji. Kila mtu anayetaka kuongeza nyumba anaweza kuuliza maswali haya:

(a) Je, kijiji chetu kina mpango wa matumizi ya ardhi? Mpango huo huonyesha sehemu za makazi, mashamba, malisho, msitu na huduma. Labda nyuma ya nyumba yako pametengwa kwa ajili ya shule.

(b) Je, halmashauri ya wilaya ina sheria ndogo za ujenzi? Je, ninahitaji ruhusa? Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema hivi: kama ruhusa ya kujenga inahitajika, ipatikane kabla ya kuanza kujenga.

(c) Je, eneo letu bado ni kijiji, au limetangazwa kuwa eneo la mipango miji? Vijiji vingi vilivyo karibu na miji vimeingia mjini. Hapo mambo hubadilika. Mwenye nyumba anahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, hata kama anaongeza chumba kimoja. Hutakiwa kupeleka mchoro na uthibitisho wa kiwanja chake.

(d) Je, kuna nguzo za umeme au bomba la maji litakalopita hapa? Usijenge chini ya nyaya za umeme.

Kuuliza si kujidhalilisha. Ofisi ya kijiji ni ya wananchi.

7. ANDIKA

Zamani mtu alijibiwa kwa mdomo, akaenda zake. Kiongozi akibadilika, neno lile lilikwisha. Anayejua kusoma na kuandika ana nguvu kubwa zaidi. Anaweza kuomba jibu kwa maandishi, akalisoma mwenyewe, akalitunza.

Mama Rehema aliandika barua hii:

Afisa Mtendaji wa Kijiji,
Kijiji cha ....................
Tarehe ....................

YAH: KUONGEZA CHUMBA

Sisi Saidi na mkewe Mama Rehema tunataka kuongeza chumba cha mita 3 kwa mita 4 nyuma ya nyumba yetu. Pia tunataka kujenga baraza ya mita 3 mbele. Tumepima. Baraza itakuwa mita 31 kutoka katikati ya barabara. Tunaomba uje uone vigingi vyetu. Tunaomba jibu kwa maandishi.

Sahihi ....................
Sahihi ....................

Barua iliandikwa nakala mbili. Moja ilibaki ofisini. Nyingine iligongwa muhuri, na Mama Rehema akarudi nayo nyumbani.

Tazama pia hati yako. Kama una Hati ya Hakimiliki ya Kimila, isome yote. Soma mipaka. Soma masharti. Kama majirani wametajwa, angalia kama majina yao ni sahihi. Kama huna hati, uliza namna ya kuipata. Mume na mke wanaweza kuandikwa wote wawili.

Kama mnakopa fedha za mabati, angalieni sana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Usiweke dole gumba kwenye karatasi usiyoisoma. Kama una shaka, omba siku moja uisome nyumbani.

Mkipatana na jirani juu ya mpaka, andikeni pia. Andikeni tarehe, majina, vipimo, na majina ya mashahidi. Kila mmoja atie sahihi. Kila mmoja abaki na nakala yake.

8. UGOMVI UKITOKEA

Huenda mmeshindwa kupatana. Msishike mapanga. Nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hili lina wajumbe 7, na angalau 3 kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Asiyeridhika anaweza kwenda mbele zaidi kwa njia ya sheria. Wakati huo ujenzi usimame. Ukuta uliojengwa kwa haraka ili kumkomoa jirani hauleti haki. Huleta gharama mbili: ya kujenga na ya kuvunja.

9. KISHA JENGA

Mtendaji alikuja na wajumbe wawili. Walitazama vigingi. Bibi Mwajuma naye aliitwa akaona mwisho wa paa. Hakuwa na neno.

Mbele, Mzee Saidi alijenga baraza ya mita 3. Hesabu ni hii: 34 toa 3 ni 31. Paa la baraza lilitokeza nusu mita tu. Kwa hiyo halikugusa hifadhi ya barabara. Hapo Rehema anauza sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Nyuma walijenga chumba chake, mbali na shimo la zamani. Dirisha la Mzee Saidi halikuzibwa.

Duka halikuwa kubwa kama Mzee Saidi alivyotaka. Mwanzoni jambo hilo lilimuuma. Lakini siku moja wapimaji wa barabara walipita na rangi yao. Waliweka alama kwenye nyumba kadhaa. Walipofika kwake walipima, wakatazamana, wakaenda zao.

Mzee Saidi alimtazama mkewe. Alisema, "Mama Rehema, kesho nami nakuja darasani."

MANENO YA KUKUMBUKA

Hifadhi ya barabara: ardhi iliyotengwa kando ya barabara kwa ajili ya barabara.
Fidia: malipo kwa mtu ambaye mali yake imechukuliwa au imeharibiwa.
Kibali: ruhusa iliyoandikwa.
Rehani: mali inayowekwa kuwa dhamana ya deni.
Nakala: karatasi ya pili inayofanana na ya kwanza.

MASWALI

1. Kwa nini fundi alitaka kujenga mbele? Je, sababu yake ilikuwa nzuri?
2. Mita 30 za barabara kuu huanzia wapi?
3. Nyumba iko mita 37 kutoka katikati ya barabara kuu. Mwenyewe anataka kuongeza mita 5 mbele. Je, ataingia ndani ya hifadhi ya barabara?
4. Kwa nini tunapima mwisho wa paa na si mwisho wa ukuta?
5. Taja hatari mbili za kujenga juu ya shimo la choo cha zamani.

KAZI YA KIKUNDI

Tengenezeni kamba ya mita 10 yenye mafundo. Pimeni kutoka katikati ya barabara ya kijiji chenu mpaka darasa lenu. Andikeni jibu ubaoni. Kisha kila mmoja aandike barua fupi kwa Afisa Mtendaji, akiuliza kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi.